Alama za Kiti

Kabla hujashika mashine, Famau, shika kiti.
Tazama sakafuni: alama nne za chaki nyeupe,
hapo kilikaa kichwa cha asubuhi;
nne za buluu karibu na kizingiti, saa sita;
nyekundu ni za alasiri, pale penye ufa.
Jua la Langoni haliingii dukani kwa kualikwa.
Hupita kichochoroni kama mdai,
likichungulia mlango mmoja mmoja.
Usiposogea nalo, limekwenda.

Taa? Taa ilikuwapo.
Ile ya manjano niliyorithi kwa Mbwarahaji
ilikuwa mwongo mwenye adabu:
ilificha mvi, ilificha mapunye,
kila kivuli kikaonekana nywele.
Usiku mmoja nilinyoa kivuli.
Kichwa kilikuwa cha Athman Kupi, bwana harusi.
Kesho yake alipotoka juani
kisogo kilikuwa na ngazi tatu,
mtu angeweza kuzipanda hadi utosini.
Picha ipo. Mkewe huitoa kila Idi
pamoja na halua.

Tangu hapo nakiogopa kisogo.
Uso, mtu hujitazama kiooni, akakusahihisha.
Kisogo ni mali ya walio nyuma yake,
safu ya pili msikitini, foleni ya benki.
Mwenyewe atakufa hajakiona.
Amekukabidhi kitu asichokijua,
nawe unataka kukipapasa gizani?

Basi mwaka huu Lali Shekuwe akaongeza ghorofa.
Tofali juu ya tofali, mkabala na mlango wetu.
Nyeupe ikafa kwanza. Kisha buluu.
Nikabaki na nyekundu, robo saa ya jua
jembamba kama uzi wa kofia.
Nilimwambia? Nilimwambia.
Akasema ana wana watatu wa kuozesha,
na mwanga ni wa Mungu, hauandikwi kwenye hati ya kiwanja.
Kweli. Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na wembe.

Akaja mkesha wa Idi, stima imekatika tangu adhuhuri,
watu wamejaa barazani, vichwa vimeshatiwa maji.
Akaketi. Nikamwambia, sogea mbele kidogo.
Kidogo tena. Kiti kikafika kizingitini.
Bado sioni, Bwana Lali.
Mpaka miguu yote minne ikasimama kichochoroni,
shuka shingoni, povu mashavuni,
na nyuma yake punda watatu wakasimama
na mchanga wa ghorofa yake mwenyewe mgongoni,
mwenye punda akiuliza ni nani huyo aliyeziba njia.
Hakuna aliyemjibu.

Inua kidevu, nikasema. Akainua.
Ndipo alipoiona mbingu aliyotuachia:
ukanda, upana wa mkeka wa kuswalia,
na pembe ya ukuta wake ikiudonoa.
Nilisikia koo likimeza mate chini ya wembe.
"Sikuyua," akasema, bila kutikisa midomo.
Nikamaliza shingo. Sikumkata.
Hiyo ndiyo kazi.

Hakubomoa, usidhani. Watu hawabomoi.
Lakini Idi ilipokwisha alikuja fundi na ndoo za chokaa,
akaupaka ukuta ule upande wetu, tabaka tatu,
na sasa kuanzia saa nne, jua likiupiga huko juu,
hututeremkia mwanga wa kuazima,
haumchomi mtu machoni, hauachi kivuli.
Miaka ishirini na sita ya kazi hii,
sijawahi kuliona sikio vizuri hivi.

Kwa hiyo lete kitambaa kibichi, futa rangi zote hizo.
Chaki iko kwenye kopo la poda.
Kisha kaa kitini, wewe kwanza.
Geuka. Polepole.
Nitakuambia wapi pa kuchora.